Programu Isiyo na Uzito

Jumatatu asubuhi, saa mbili na dakika kumi, kadi ya kwanza ya siku ilitoka kwenye printa ya masjala ya hospitali, ikapaa taratibu, ikaenda kuganda kwenye dari. Mama Masjala aliitazama kidogo, akachukua fagio la utando wa buibui, akaiteremsha. Mjamzito aliyekuwa dirishani akingoja kadi yake aliambiwa aishike kwa mikono miwili. Akaishika, akashukuru, akaenda kukaa kwenye benchi la kliniki na wenzake. Kadi ya pili nayo ikapaa. Ya tatu ilipotoka, Mama Masjala alikuwa ameshaweka kiganja juu ya printa, na kazi ikaendelea.

Kufika saa nne alikuwa ametumia kila kitu kizito kilichokuwamo ofisini kukandamizia karatasi: stepla, kikombe cha chai, kufuli la kabati na kiatu chake cha kushoto. Waliokuja na shida zao walimkuta amesimama na kiatu kimoja, na kwa kuwa alikuwa mtu wa heshima zake, hakuna aliyeuliza.

Printa haikuwa na kosa, maskini. Iliyokuwa na shida ni programu, na hata hiyo ilikuwa nzima mpaka Ijumaa.

Programu yenyewe iliitwa Kiraka. Mama Masjala aliiandika miaka kumi na moja kabla, mchwa walipokula madaftari ya wajawazito kuanzia A mpaka M. Hakusomea kazi hiyo. Alijifunza kwa kitabu cha kuazima, kwenye meza ileile ambayo mumewe, fundi cherehani, alikatia nguo. Fundi ndiye aliyeipa jina. Alisema nguo yenye kiraka ni nguo iliyopendwa na mtu, maana isiyopendwa huwa inatupwa. Masharti yake yalikuwa mepesi: anayeitaka aichukue, aifungue aone ilivyoshonwa, akiona tundu alizibe, kisha airudishe ili na wenzake wafaidi. Sista wa zahanati ya mlimani alishona sehemu ya dawa. Mwalimu mmoja wa hesabu alishona sehemu ya kuhesabu wiki za mimba, kwa hasira, kwa sababu mkewe alipewa tarehe ya uongo. Kila aliyeshona aliandikwa jina lake ukurasa wa mbele. Vituo arobaini na kimoja vilikuwa vinaitumia, na majina yalikuwa yamefika sitini na tatu. Watu wa kazi hiyo huiita programu huria.

Lakini kiraka cha kwanza kabisa, alichokishona Mama Masjala kwa mkono wake, kilikuwa kisanduku kidogo chini ya kadi kilichoitwa Maelezo. Mkunga aliandika humo sentensi moja tu kuhusu mwanamke aliyekuwa mbele yake. Huyu asizalie nyumbani, mara ya mwisho damu haikukata. Mumewe asipewe majibu kabla yake. Huyu akisema haumwi, msimwamini. Hospitali ile peke yake ilikuwa na sentensi elfu nne, na zilikuwa zimeokoa watu ambao wala hawajui kwamba waliokolewa. Mama Masjala akiulizwa Kiraka ni nini, alijibu kwamba Kiraka ni kisanduku hicho, mengine yote ni mapambo.

Kampuni ilipokuja haikuja na rungu. Ilikuja na mikoba na kofia. Programu zake zilikuwa karibu kwenye kila kompyuta nchini, ungedhani imeshiba, lakini mwenye shibe naye ana macho. Mtu wake alimwita kila mmoja mshirika, mpaka naye akaitwa Mshirika. Alilipia mkutano wa mwaka wa watu wa Kiraka, akakaa mstari wa mbele, akawakumbatia mmoja mmoja. Alisema Kampuni inaipenda Kiraka. Alisema hivyo mara kumi na nne, mwalimu wa hesabu alihesabu. Walivishwa kilemba cha ukoka, na tuseme ukweli, kiliwapendeza. Mama Masjala alirudi nyumbani na kofia ya zawadi. Fundi aliigeuza ndani nje, akatazama mshono, akasema ukivuta uzi mmoja tu inafumuka yote. Aliambiwa aache gere.

Mwaka uliofuata Kampuni ilitoa Kiraka Zaidi. Iliichukua Kiraka yote kama ilivyo, kwa ruhusa, maana masharti yaliruhusu, halafu ikaongeza safu moja ambayo ni yenyewe tu iliyoweza kuisoma. Kituo chenye Kiraka Zaidi kiliisoma Kiraka bila taabu. Kituo chenye Kiraka kikipokea faili la Kiraka Zaidi kiliona vistari tu. Wazima moto, waliokuwa wakiitumia kwenye gari lao la wagonjwa, wakasema kwa nini tuhangaike, wakahamia huko wenzao waliko. Kisha wakuu wa hospitali wakaanza kupata barua za upole. Barua moja iliuliza, programu isiyo na mwenyewe ikiharibika, utamshtaki nani? Nyingine ilisema kwamba ndani ya Kiraka kuna vipande mia moja na tisa ambavyo ni mali ya Kampuni. Mama Masjala aliandika kuuliza ni vipi, ili avitoe. Alijibiwa kwamba kuvitaja kungekuwa kutoa siri ya Kampuni. Akufukuzaye hakwambii toka.

Ndipo wakubwa wakaamua vituo vyote vitumie programu moja, na ikatoka fomu ya kuchagua. Kampuni ilijitolea kuleta mtaalamu wa kusaidia kuiandika. Swali la saba lilikuwa na kisanduku kimoja, na juu yake pameandikwa: Bei/Thamani. Mama Masjala alilifikia saa kumi na nusu jioni, foleni ikiwa bado dirishani na mtoto wa mtu akilia. Aliangalia lile neno la kwanza tu. Kiraka haikuwa na bei. Akaandika: Bure.

Hilo ndilo kosa lake, na hakuwahi kulitafutia kisingizio. Angeweza kuandika huria. Angeweza kuandika haiuzwi. Lakini lugha yetu hii tamu ina neno moja kwa kitu usichokilipia na kwa kitu kisichofaa kitu, naye alikuwa mtu wa kusema bure tangu utotoni, kama wewe na mimi. Mpaka leo akikumbuka ile kalamu mkononi anasikia aibu.

Ijumaa kamati ya kuchagua ilikaa. Mwenyekiti alisoma kwa sauti, Thamani, bure, na wajumbe wakacheka vizuri tu bila ubaya. Mshirika alikuwapo kama mwalikwa. Yeye hakucheka. Alisema inasikitisha, kwa sababu wale watu wamejitahidi sana. Alikuwa fundi wa kuuma na kupuliza. Mwenyekiti akamgeukia katibu, akamwambia aandike kwamba Kiraka haina uzito. Katibu akaandika, muhuri ukapigwa saa kumi na moja kasoro robo, watu wakaenda zao nyumbani.

Jumatatu karatasi zikapaa, katika vituo vyote arobaini na kimoja.

Watu ni watu, walizoea. Kule mlimani walizipigilia ukutani kwa misumari. Hospitalini Fundi aliitwa, akazipinda kadi upande wa chini na kuzishona upindo wenye changarawe tatu ndani, na hizo zilikaa mezani bila matata ila ziliwachoma wajawazito mapajani. Wakati huohuo kadi za majaribio za Kiraka Zaidi zilifika, nzito kiasi kwamba zililetwa kwa toroli na mguu wa meza ya masjala ukavunjika. Mganga Mkuu alinyanyua moja kwa mikono miwili, mishipa ikamtoka shingoni, akasema hii sasa ni karatasi. Wanawake walizibeba hadi nyumbani wakipumzika njiani. Hawakulalamika, kwa sababu kitu kizito kina sura ya ukweli.

Wiki ya tatu ikawa zamu ya watu. Sista wa mlimani alipiga simu asubuhi.

"Shoga, nimepanda kwenye mizani," alisema. "Imenyamaza."

Ilikuwa hivyo kwa wote walioandikwa ukurasa wa mbele. Mwalimu wa hesabu alianza kufundishia juu karibu na saa ya ukutani, na wanafunzi wa nyuma wakasema afadhali, sasa wanamwona. Mama Masjala mwenyewe, visigino viligoma kugusa sakafu siku ya Jumatano. Fundi alichukua magauni yake yote, akayafumua mapindo, akashona humo mikasi mibovu, chuma cha pasi ya mkaa na magurudumu ya cherehani ya marehemu mama yake. Alifanya kazi hiyo kimya siku mbili. Alipomaliza alimtania mkewe kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, ila yeye sasa inabidi atake cha darini. Mkewe alicheka, halafu akalia, na alipokuwa akilia miguu ilikuwa ikinyanyuka, kwa hiyo Fundi alimshika kifundo mpaka alipotulia. Hawakuwa wamewahi kuoneana huruma kiasi hicho tangu waoane.

Mwisho wa mwezi Mganga Mkuu alimwita ofisini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka kupigiwa simu. Alisema uamuzi umeshafika kutoka juu, Kiraka inafutwa na kumbukumbu zinahamishiwa Kiraka Zaidi. Mshirika alikuwa amekaa pembeni, miguu yake yote miwili chini. Mama Masjala, mikasi ikimgonga magotini, aliuliza jambo moja tu, kisanduku cha Maelezo kitakaa wapi. Mshirika alimweleza kwa adabu kwamba Kiraka Zaidi haina sentensi. Sentensi hazihesabiki. Ina tiki mbili, Kawaida na Si kawaida, na ukitia Si kawaida unachagua sababu kwenye orodha ya sababu kumi na mbili, la sivyo haikuruhusu kuendelea.

"Na yule ambaye damu yake haikati?" aliuliza Mama Masjala.

"Ataingia kwenye Si kawaida."

"Pamoja na nani?"

"Pamoja na wote wasio wa kawaida, mama."

Alirudi masjala akajaribu kuziokoa sentensi mwenyewe. Alizichapisha zote elfu nne, akazifunga kwa kamba, akaweka jiwe juu. Hapo hakupiga hesabu vizuri. Karatasi moja huzuiwa na stepla, lakini wepesi nao hujumlishwa, na rundo zima liliinuka na kamba yake na jiwe lake, likatoka dirishani, likapita juu ya chumba cha maiti, na kupotelea huko. Uani alikuwapo mgonjwa mmoja tu, anaota jua. Aliinua macho, akayashusha. Basi Mama Masjala akachukua daftari la shule na kuanza kunakili kwa mkono kutoka kwenye skrini. Kufika siku mbili kabla ya Kiraka kufutwa alikuwa amenakili sentensi mia mbili na sita, na vidole vilikuwa vimemvimba.

Siku hiyo ndipo Mshirika alipokuja na barua. Ilisema kwamba Kiraka, tangu siku ya kwanza, ilitokana na kazi za Kampuni. Palikuwa na mstari mmoja wa sahihi, wa muasisi. Akitia sahihi, uzito wake utarudi palepale, na kisanduku cha Maelezo, pamoja na sentensi zake zote elfu nne, kitakuwepo ndani ya Kiraka Zaidi. Mshirika alilisema la uzito harakaharaka, kama mtu anayekuahidi lifti mpaka kituoni.

Mama Masjala aliuliza kuhusu wale sitini na wawili wengine. Mshirika akasema barua ina nafasi ya mmoja.

Aliomba siku moja. Fundi alimwambia akitia sahihi hatamlaumu, asipotia pia hatamlaumu, kisha akarudi kwenye cherehani lake na kushona mkono wa shati upande usio wake, jambo ambalo halikuwa limemtokea miaka mingi. Asubuhi Mama Masjala akampigia Sista wa mlimani, akamsomea barua yote, hata sehemu zinazouma.

"Saini," alisema Sista. "Mimi huku juu nimeshazoea. Nafika rafu ya mwisho ya dawa bila stuli. Okoa zile sentensi, shoga."

"Na jina lako?"

"Jina langu halijawahi kumzalisha mtu."

Akasaini. Kalamu ilipoachana na karatasi, uzito ulimrudia mzima mzima, pamoja na mikasi, chuma cha pasi na magurudumu ya cherehani, akaanguka kama gunia, akateguka kifundo. Ubao mmoja wa sakafu ulipasuka. Mshirika alimsaidia kuinuka, kisha akamkumbatia. Mchana ule ukurasa wa mbele ulikuwa mweupe katika vituo vyote, na kesho yake Kiraka ikafutwa kwa mujibu wa barua, kwa kuwa ilikuwa na mwenyewe sasa.

Kiraka Zaidi iliwekwa kwenye kompyuta Alhamisi. Mama Masjala alikaa mbele ya skrini mguu ukiwa na bendeji, akafungua kadi ya kwanza, akashuka chini. Kisanduku kilikuwepo. Kimeandikwa Maelezo, rangi ya kijivu. Alikibonyeza, yakatokea maneno: Kitafunguka katika toleo lijalo. Alijaribu kadi ya pili, na ya mia, na ya mwisho. Alikwenda kwa Mganga Mkuu, naye akaitoa barua kwenye jalada, akaisoma pole pole, akamwonyesha kwa kidole. Barua ilisema kitakuwepo. Haikusema kitafunguka. Mganga Mkuu alisema pole, na alimaanisha.

Toleo lijalo lilikuja baada ya miezi mitano. Lilikuwa na rangi mpya. Kisanduku kilisema toleo lijalo.

Wale sitini na wawili hawakuteremka. Mwalimu wa hesabu alistaafishwa kwa sababu hakuweza tena kuweka sahihi kwenye daftari la mahudhurio, ambalo liko mezani. Sista wa mlimani anaendelea na kazi, amefungwa kwa bendeji kwenye mguu wa kitanda cha kuzalishia, na wagonjwa wake wameshazoea kuinua uso wanapojibu. Siku moja alipiga simu kuuliza kama kisanduku kipo kweli.

"Kipo," alisema Mama Masjala.

"Zote elfu nne?"

"Zote."

Sista akafurahi sana, akasema basi haikuwa bure. Mama Masjala alikata simu, akakaa na mkono juu ya meza muda mrefu, na dirishani watu wakamngoja.

Siku hizi anafanya kazi kwa kumbukumbu. Kila zamu ya wakunga inapobadilika, husimama mlangoni mwa wodi ya wazazi na daftari lake la sentensi mia mbili na sita, na zile ambazo hazimo daftarini huzisema kutoka kichwani. Miezi ya kwanza alikuwa anazikumbuka nyingi, hadi wakunga wakamwita Toleo Lijalo, kwa utani. Lakini kichwa si kabati. Mwaka wa pili alianza kuchanganya mama na dada yake, na wakati mwingine alimpa mtu sentensi ya marehemu. Tangu hapo husema zile tu alizo na hakika nazo, nazo zinapungua.

Wiki iliyopita mkunga mmoja kijana alikuja dirishani saa sita mchana, akishika kadi kwa mikono miwili. Nyuma yake, kwenye benchi, mwanamke alikuwa ameinama akishika ukingo wa kiti, uchungu umeshamkolea. Mkunga alisoma jina. Mama Masjala alifumba macho. Alilijua lile jina. Alimkumbuka mkunga wa zamani aliyeiandika ile sentensi, alikumbuka hata kwamba alirudi mara mbili kusahihisha herufi.

"Sentensi yake ilikuwepo," alisema. "Inaanza, Huyu asi..."

"Asifanyweje, mama?"

"Asi..." alisema Mama Masjala. Midomo ilikaa wazi kwenye lile neno. Asilazwe chali, asipewe ile sindano, asiachwe peke yake, asizalie hapa. Yote yalifaa, na hakuwa na hakika na hata moja.

"Sikumbuki, mwanangu," alisema.

Mkunga alingoja, kadiri mtu anavyoweza kungoja na mwenye uchungu yuko nyuma yake. Akaingia kwenye kompyuta ya pembeni, akatia Si kawaida. Programu ikamuuliza sababu. Alizipitia zote kumi na mbili kwa kidole, juu hadi chini, halafu chini hadi juu. Akaondoa tiki, akaiweka kwenye Kawaida, akamshika yule mwanamke mkono, akamwingiza ndani.